Mmea Nilioung'oa Mahameni

Ukiingia nyumbani kwangu utakuta viti, meza, kalenda ya kanisa na picha ya marehemu mume wangu. Mmea hutaukuta. Hata jani moja la kupambia hutaliona, na wajukuu zangu wameshazoea kuniona nikizirudisha mlangoni zawadi za watu, vyungu vizuri vya dukani vimefungwa na riboni. Majirani wanasema bibi huyu ana roho mbaya. Wacha waseme. Hiki ninachokusimulia kilinipata mimi, jua likiwa bado halijazama, nikiwa na akili zangu timamu. Pombe sijaionja tangu nizaliwe, na siku ile sikuwa hata na homa. Sikulazimishi uamini. Wewe nisikilize mpaka mwisho, halafu nenda ukatazame pembe za sebule yako.

Mimi ni mtu wa kijiji cha Mpemba, huku Tunduma, Mnamwanga kwa baba na kwa mama. Niliolewa Mbozi miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza, nikaolewa na mwalimu, Mnyiha, kijana mrefu mwenye sauti ya kuongozea kwaya. Wakati ule kahawa ilikuwa imeanza kuwaletea watu wa Mbozi bati na matofali ya kuchoma, na shule ilitupa nyumba yenye sebule na dirisha la kioo. Kwetu tulikuwa na madirisha ya kufungia kwa ubao, kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyojiona. Nilikifuta kioo kile kila asubuhi, hata siku zisizo na vumbi.

Wake wa walimu, mke wa mwinjilisti, mke wa karani wa kahawa, wote tulikuwa na mashindano yetu ya kimyakimya. Kwanza yalikuwa ya vitambaa vya kufuma, baadaye yakawa ya mimea ya ndani. Mke wa mmisionari alikuwa na baraza iliyojaa makopo ya mimea, na mama wa watu akigeuka kidogo tu, vitawi vyake vinaondoka chini ya kanga za wageni. Mimi nimo, sikatai. Ila nilikuwa na shida ambayo wenzangu hawakuwa nayo.

Mwanangu wa kwanza, Enesi, alizaliwa na kifua kibovu. Akipumua unasikia filimbi. Sijui kama umewahi kuiona Mbozi mibuni ikichanua. Mvua za kwanza zikishashuka, vilima vyote vinakuwa vyeupe na harufu inaingia mpaka kwenye chungu cha mboga. Watu wanafurahi, wanaona mavuno yanakuja. Mimi nilikuwa nakaa na mtoto mapajani, midomo imemgeuka rangi, nikimwomba Mungu asinichukulie. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, alinikataza kuweka ua lolote ndani. Majani matupu sawa, alisema, lakini ua hapana.

Basi nikaanza kutafuta mimea ya majani tu, na usidhani ilikuwa kazi ndogo. Yale majani ya mtoni yenye vidole vidogo vingi ni mazuri sana, lakini yanataka matone siku nzima, ukiyaweka sebuleni yanakauka yote. Shubiri niliipenda kwa sababu inabeba maji yake yenyewe ndani ya jani, unaweza ukaenda kwenu ukarudi ukaikuta imenenepa. Kumbe kipupwe kikiingia inatoa mkuki wa maua mekundu. Niliitupa nje siku ileile. Mnyaa je? Mnyaa hauna shida, lakini utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofusha, na nilikuwa na mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Ule wa kutambaa, wenye majani ya zambarau, nikauweka dirishani na nikawa nauchuma vichwa kabla havijafunguka.

Pembe moja ndiyo iliyonishinda. Ilikuwa kati ya mlango wa chumbani na kabati la vyombo, kwenye giza. Kila nilichokiweka pale kilioza au kilinyong'onyea. Na mgeni akiketi kwenye kiti kikubwa, macho yake yanaangukia hapohapo. Iliniudhi mno.

Sasa kwetu Mpemba kuna mmea mmoja ambao bibi zangu walikuwa wakiupanda pembeni mwa mlango. Ni ndugu wa mkonge, ila mfupi. Majani yake ni manene, yamesimama wima, na yana mabaka ya kijani na kijivu kama ngozi ya chatu. Sijawahi kuuona na ua. Hautaki jua, hautaki maji mengi, ukiusahau hata mwezi utaukuta vilevile. Kwetu walisema unalinda nyumba, kwamba mwenye nia mbaya akiuona anageuza njia. Huko Mbozi wanausemaje, sikuuliza. Ningeuliza kwa nini? Mmea si mmea tu?

Njia ya kwenda mtoni ilipita karibu na mahame, yaani mahali palipokuwa na mji wa watu zamani, wakahama. Nilijua palikuwa pa ukoo wa mume wangu, basi. Hakuna aliyelima pale, nikadhani udongo umechoka. Ilikuwa kipupwe, mume wangu yuko Mbeya kwenye mafunzo ya walimu, nami nilikuwa natoka kuokota kuni, Enesi yuko mgongoni. Ukungu ulikuwa umeshuka mchana uleule, ule ukungu wa Mbozi unaolowesha kope. Nikauona mmea wangu. Ulikuwa peke yake katikati ya duara dogo la mawe, majani marefu, safi, hayana hata tundu la mdudu. Nilifurahi sana, nakwambia, mpaka nikaongea peke yangu.

Nilichimba kwa panga. Mizizi ilishika kupita kiasi. Nilipofukua zaidi nikakuta chungu kimefunikwa kifudifudi, kitako chake kimetobolewa, na mizizi imeingia humo kwenye tundu. Wewe ungeacha, najua. Mimi nilivuta. Wakati navuta, Enesi alianza kucheka mgongoni, kile kicheko cha mtoto anayechezewa. Alikuwa amegeukia nyuma na mikono ameinyoosha. Nikageuka, sikuona mtu. Nikadhani ni ndege. Mmea ukatoka, nikauweka juu ya mzigo wa kuni, nikajitwisha, nikaenda zangu.

Niliupanda kwenye debe, nikalizungushia kitambaa cha kufuma, nikaliweka kwenye ile pembe. Ulipendeza. Mke wa mwinjilisti, tuliyezoea kumwita mama Yeremia, alipoingia alisahau hata kunisalimu. Jani moja lilikuwa linasukuma pazia la chumbani, nikalikata kwa kisu nikampa. Yeye alikuwa fundi wa mambo hayo, aliniambia jani lile ukilikata vipande ukavichomeka udongoni, kila kipande kinaota. Akaondoka nalo kwapani akiwa na furaha.

Mwanzoni niliona baraka tupu. Kipupwe ndicho kilichokuwa kikimsumbua Enesi kuliko hata maua, lakini kifua kilitulia kabisa. Alilala bila filimbi. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, nikamwambia hata yule dresa kwamba shauri lake limefaa. Halafu nikaanza kuona vitu. Udongo wa lile debe ulikuwa mbichi kila asubuhi, na mimi sijaumwagia maji. Enesi, ambaye alikuwa bado anatambaa, nikimweka mkekani anakwenda moja kwa moja kwenye pembe ile, anakaa, anaongea lugha yake ya kitoto. Anaongea, ananyamaza, anacheka, kama anayejibiwa. Mara nikamsikia anasema mama. Nikaitika kutoka uani. Hakuwa ananiita mimi, alikuwa ameupa mlango mgongo.

Kisha akalikataa ziwa langu. Hakulia wala hakuwa mgonjwa, aligeuza uso tu, kama mtu aliyeshiba. Maziwa yakanijaa mpaka kanga ikawa inalowa. Nikimnusa mdomoni nasikia jani bichi na udongo. Alikuwa mchangamfu, anacheza, lakini kila nikimbeba naona amepungua uzito, mpaka nikaanza kuogopa kumbeba. Unaelewa ninachosema? Niliogopa kumbeba mwanangu mwenyewe, kwa sababu kila mara mikono yangu iliniambia jambo ambalo sikutaka kulijua.

Siku yenyewe ilikuwa jioni, wanafunzi wameshatawanyika, ukungu umefika dirishani. Nilimwacha Enesi mkekani amelala, nikaenda jiko la nje kutoa uji wa ulezi. Sikukaa. Niliporudi na bakuli mkononi, nilimkuta mwanamke ameketi kwenye ile pembe.

Amekaa chini, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza ukutani. Debe silioni. Amevaa kaniki iliyopauka, kichwani ana udongo mbichi kwenye nywele, na maji yanamtiririka shingoni taratibu. Mwanangu yuko mapajani mwake ananyonya. Nilisikia akimeza. Nilitaka kupiga kelele. Kwa woga wa kijinga nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashangaa, nilimsalimu. Nilimwamkia shikamoo.

Aliinua uso. Hakuwa mzee, alikuwa msichana karibu wa umri wangu. Ngozi ya mikono yake ilikuwa na mabaka. Akanisemesha Kinyiha, nami Kinyiha cha wakati ule nilikipata nusunusu, lakini maneno yake niliyaelewa yote, moja moja.

"Sikubisha hodi kwako," alisema. "Umenileta mwenyewe, kichwani."

Nikamwambia anipe mtoto wangu. Nadhani nilimwambia, au nililia tu. Akamtazama Enesi, akamfuta mdomo kwa kidole.

"Mchukue. Uone kama anakutaka."

Bakuli lilinidondoka. Nilimrukia mtoto nikamnyakua, na yule mwanamke hakumshika, alimwachia kwa upole tu. Mikono yangu ilipita kwenye baridi kama ya maji ya kisima, nikafumba macho. Nilipofumbua macho palikuwa na debe, kitambaa cha kufuma, na mmea wangu umesimama wima. Na Enesi, mwanangu niliyemzaa, alinitazama kama anavyomtazama mgeni, akaanza kulia akinyoosha mikono kwenye ile pembe. Alinisukuma kifuani kwa mikono yote miwili. Katika yote niliyoyaona siku ile, hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nilikimbia hivyohivyo, bila viatu, mlango wazi, uji umemwagika sakafuni. Mama mkwe wangu alikuwa anakaa ng'ambo ya bonde, miguu yake mibovu, hakuwahi kufika kwangu tangu kipupwe kianze. Nilifika giza linaingia. Alimpokea mtoto anayepiga kelele, akamnusa mdomo, akaketi chini pale alipokuwa amesimama. Akaniuliza nimechukua nini mahameni.

Nilimweleza. Kisha akanisimulia, kwa sauti ya chini, kwamba babu yake mume wangu alikuwa na mke mdogo aliyefariki akijifungua, yeye na mtoto tumboni, hajapakata hata mmoja. Katika ukoo wao mwanamke wa namna hiyo hazikwi hivihivi. Anapandiwa ule mmea juu ya kaburi, juu ya chungu kilichotobolewa, ili mizizi imfikie. Wanachagua ule kwa sababu hauchanui, hauzai, haufi, basi na yeye hatamaliza kulea. Anakuwa na mtoto wake, hatatoka kutafuta wa wengine. Ndiyo maana watu wakahama, ndiyo maana hakuna aliyelima.

Nikamwambia kwetu tunaupanda mlangoni. Akanitazama kwa huruma, kwa kweli sikuona hasira.

"Mwanangu, umemnyang'anya mtoto wake," alisema. "Ulitaka afanyeje?"

Usiku ule Enesi hakulala, alilia mpaka sauti ikakauka, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtosha. Kulipopambazuka, mama mkwe alinifungua mbeleko, kile kitambaa cha Enesi cha kubebewa, kimejaa harufu ya maziwa, akanikabidhi mkononi. Akaniambia niliutoa kama mzigo wa kuni, basi nitaurudisha kama mtoto. Nimfunge mgongoni. Akilia nimbembeleze kama wangu. Nikimtua njiani au nikimtupa, nisirudi kumtafuta Enesi. Nilimwomba anisindikize. Akasema aliyechimba ni mmoja.

Nilirudi kwangu. Mlango ulikuwa wazi kama nilivyouacha na uji umegandia sakafuni. Sijui nilipata wapi nguvu za kuutoa mmea ule kwenye debe na kuuinamia, kuuvuta mgongoni, kuufunga fundo kifuani. Ulikuwa mwepesi. Nikatoka nao, ukungu mbele, ukungu nyuma, natembea kwa kuifuata njia kwa nyayo tu.

Kabla ya kufika kwenye mteremko ulianza kuwa mzito. Kisha ukawa na joto. Sikutii chumvi, nakwambia kama ilivyokuwa. Nilisikia pumzi shingoni, fupifupi, za mtoto aliyelala. Nilisikia kichwa kimenilalia hapa, chini ya bega. Halafu akaamka akaanza kulia, na kilio kilikuwa cha Enesi. Kilikuwa na ile filimbi ndani yake. Kila kitu mwilini mwangu kiliniambia nimeuacha mmea kwa mama mkwe na nimembeba mwanangu ninakwenda kumzika. Nilisimama njiani nikilia. Nilitaka kufungua fundo nitazame. Ningetazama tu mara moja, kuna ubaya gani?

Sikutazama. Nilianza kumtingisha, nikamwimbia wimbo aliokuwa akiimba mama yangu kule Mpemba. Akanyamaza kidogo kidogo. Na maziwa yangu, ambayo Enesi aliyakataa, yakaanza kutoka yenyewe, yakalowesha kanga mpaka tumboni. Hapo ndipo nilipoogopa hofu nyingine kabisa. Niliona naanza kumpenda. Nilikuwa natembea polepole makusudi, kwa sababu sikutaka kufika.

Yeye alikuwa ameshakaa pale, ndani ya duara la mawe, miguu kainyoosha kandokando ya shimo nililoliacha. Safari hii sikumsalimu. Nilipiga magoti, nikafungua fundo, na mikono yangu ikakataa kumwachia. Tulishika wote wawili. Alisubiri. Alinisubiri kama anayejua uchungu wenyewe ulivyo, mpaka nikaweza kufungua vidole.

Alimpakata, akaanza kumkagua, jani kwa jani, kama mzazi anavyomkagua mtoto aliyerudi kutoka kwa watu. Akafika mahali palipokatwa kwa kisu. Kidole chake kikazunguka pale, kikarudi, kikazunguka.

"Mkono wake uko wapi?"

Nilijibu kwamba nilimpa mtu. Ningedanganya nini? Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha, pengine leo nisingeisikia bado.

"Basi na wako alelewe hivyohivyo."

Sikumwona akiondoka. Ukungu ulisogea, nikaona mmea umesimama kwenye shimo lake, udongo umeshindiliwa vizuri, na mimi nimepiga magoti na mbeleko tupu mkononi. Nilirudi mbio ng'ambo ya bonde. Enesi aliponiona alinijua. Akaniita mama, na sasa lilikuwa langu, akalishika ziwa akanyonya kwa njaa mpaka akakohoa. Mama mkwe alikuwa anatabasamu na kulia. Mimi ndiye niliyeona kwamba alinishika kwa mkono mmoja. Wa kushoto ulikuwa unaning'inia. Niliuinua, ukaanguka. Nikauinua tena.

Dresa alibonyeza, akachoma kwa sindano, akatikisa kichwa. Mume wangu aliporudi kutoka Mbeya alisema ni ugonjwa wa kupooza, kwamba umewapata watoto wengi, na yeye alikuwa mtu wa vitabu, sikubishana naye. Lakini alilibeba lile debe mwenyewe akaenda kulifukia nyuma ya choo, na tangu hapo hakutaka kupita njia ile ya mtoni. Mkono wa Enesi haukukua sawa na mwenzake. Mpaka leo ni mwembamba, baridi kila wakati, hata akikaa motoni.

Nilikwenda kwa mama Yeremia kudai jani langu, mapema sana, nadhani hata viatu sikuvaa. Alinichekea. Alikuwa ameshalikata vipande na kugawia wanakwaya baada ya ibada, kila mmoja kipande. Mmoja amepeleka kwa dada yake huko Mlowo. Mwingine ameolewa Tunduma, na ana shangazi ng'ambo ya mpaka, kwa Wabemba, wa huko nao wakaomba. Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walinipa vipande vyao wakiniona mwendawazimu, nikavirudisha mahameni, lakini wengi walikuwa wameshavigawa kwa wengine nisiowajua. Mmea huo unaota bila shida, wewe mwenyewe unajua. Haulipiwi, haufi, unafaa pembe yoyote yenye giza, kwa nini mtu asimkatie rafiki yake?

Enesi sasa ni mtu mzima, ana watoto wake, analima kwa mkono mmoja na kunishinda mimi wa mikono miwili. Ni mtu wa utani, hapendi kuhurumiwa. Ila kuna siku yuko jikoni anamenya viazi, unamwona anaacha kila kitu, anaushika ule mkono mwembamba, anafumba macho mpaka maumivu yapite. Zamani nilikuwa namuuliza kulikoni. Siku hizi ananiambia kabla sijauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia mvua imeanza.

"Mama, kuna mtu anakata tena."

Kwa hiyo nakuomba, wewe usiyenijua. Ule mmea wako wa mabaka, uliopewa na jirani, yeye alipewa na nani? Na huyo naye? Hujui. Mimi pia sijui, na wala sikwambii uutupe, maana sijui ukiutupa kitampata nini. Uache ukae. Umwagie maji kidogo. Ila kisu usikipeleke pale, nakusihi sana, kwa sababu mwanangu bado yuko hai na anasikia.